Kigoda cha Babu Kilipokwenda Milimani

Enzi zetu sisi watoto wa mtaa wa Obunga, mgeni akikupa mandazi bure ulikimbia kwanza, ukala baadaye. Tulishuku kila kitu. Tulimshuku daktari wa sindano, tulimshuku mpiga picha, na Baba Krismasi wa madukani tuliapa kuwa ni askari aliyejificha ndani ya pamba. Lakini hakuna aliyemfikia Dani, bibi yetu mzaa baba. Dani angeweza kumshuku kuku kwa kutaga mapema.

Basi mwaka mmoja wa miaka ya themanini, Krismasi ikinukia, pasta alikuja nyumbani kwa pikapu na bwana mmoja wa chama cha wapenda historia. Chama hicho kilitunza nyumba kuukuu ya mkubwa mmoja wa reli kule Milimani, mtaa wa matajiri, na kila Krismasi kiliifungua kwa watu wote, chai na keki bure. Safari hii walitaka kuonyesha vitu vya watu wa ziwa, yaani sisi. Wakaomba kuazima kigoda cha marehemu babu, kile cha miguu mitatu, kilichong'aa kwa kukaliwa hadi ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu. Tangu babu azikwe, hakuna aliyekikalia. Hata paka alijua.

"Tutarudisha baada ya sikukuu, Mama," bwana yule akasema.

"Kigoda ni moja," Dani akamjibu. "Gari ni ya nini?"

Lakini mbele ya pasta angekataaje? Kigoda kikaenda. Siku ya sikukuu Dani alitupaka mafuta mpaka nzi wakateleza, akatuswaga kwa miguu hadi Milimani kukiangalia.

Mlangoni kulikuwa na foleni. Watu wamevaa nguo za kanisani, wananong'ona. Mezani kitabu cha wageni, kila mtu anatia sahihi. Ndani, kitanda cha shuka nyeupe kisicho na mtu, na picha ya mzungu wa masharubu, imewekewa maua. Dani akasimama. Kwetu, vitu hivyo vikikutana pamoja vina maana moja tu.

"Nani amekufa hapa?"

Mama mmoja wa chama, mwenye miwani, akacheka. "Hakuna, Mama. Karibu Krismasi."

"Mwenye nyumba iko wapi?"

"Aah, huyo alifariki zamani sana."

"Na nyinyi mnakula keki kwa kitanda yake?"

Hapo ndipo tukakiona kigoda, kimezungushiwa kamba, kimefungiwa kikaratasi kwa uzi, sawasawa na viatu vya dukani.

"Wameweka bei," Dani akasema.

Akainama, akapita chini ya kamba. Na yeye aliyemchapa baba yetu mdogo kwa kukigusa tu, akakikalia. Akakunja mikono.

"Mama, hiyo si bei, ni maelezo tu," mwenye miwani akambembeleza.

"Soma. Nasikia nikiwa hapa."

Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Walimpiga picha, mzee mmoja aliuliza kama anapumua. Dani hakutikisika mpaka keki ikaisha, na nadhani nusu yake niliimaliza mimi. Jioni hiyohiyo, bila kungoja sikukuu zipite, pikapu ya chama ilirudisha kigoda Obunga, Dani amekikalia huko nyuma, anapungia watu mkono kama mke wa rais.

Watoto wa leo hawashuku kitu. Wangu huipa simu kidole, uso na siku ya kuzaliwa, eti imeomba. Laiti ningemwona Dani akiombwa kidole!

Sasa amelala kando ya babu, na kigoda kiko sebuleni kwangu, kitupu kama alivyotaka. Juzi kijana wa chama akanipigia simu. Wanafungua tena nyumba Krismasi hii, keki siku hizi ni ya kununua. Wanaomba kigoda.

"Usisumbuke, mzee. Tutatuma tu bodaboda."

Bodaboda! Nikamwambia kitakuja, lakini kina mtu.

"Mtu gani, mzee?"

Nikakivuta karibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakikalia. Nikakunja mikono.