Chumba cha Eda cha Waridi binti Amuri

Katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kila mtu wa Kasongo mwenye nyumba ya kupangisha alimwogopa Bwana Kipimo. Jina lake la kizungu lilikuwa refu na hakuna aliyelihitaji. Alikuwa mtu wa kodi za nyumba, na alitembea na utepe wa kupimia shingoni kama fundi nguo. Akiingia mtaani, watu walijificha nyuma ya nyumba zao wenyewe. Waridi binti Amuri alimtolea kiti.

Tumezoea kuwasifu wanaume waliompigia Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, kelele mikutanoni. Mwanamke huyu hakuhudhuria mkutano hata mmoja. Alikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba kimoja ambacho alikataa kukitoa.

Nyumba aliachiwa na mumewe mbele ya mashahidi. Mume alipofariki, shemeji yake Lukumani alikuja na ndugu zake kumwambia akakae eda kwa baba yake, wao wabaki kuitunza nyumba. Kila mtu alijua maana ya kuitunza. Waridi akaingia chumba cha nyuma kinachotazama uani, akaning'iniza pazia mlangoni, akakaa eda yake yote humo.

"Mukitaka nyumba, munibebe," aliwaambia kupitia pazia. "Lakini mwanaume wa kando haingii kwa mwenye eda. Sasa nani kati yenu atanibeba?"

Hawakumbeba. Tangu hapo chumba kile hakikupangishwa kamwe. Vya mbele aliwapa wauza samaki wa Nyangwe na fundi cherehani mmoja, wakamlipa kila mwezi, naye alilipa kodi yake mwenyewe bila kumwomba mtu msaada. Cha nyuma kilikuwa cha wajane waliofukuzwa na wakwe kabla eda haijaisha. Walitoka Kasongo penyewe, wengine kijiji cha Wamaza, wengine mbali zaidi upande wa Kabambare. Walikaa, wakala kilichopikwa, eda ikiisha wakaenda zao.

Mjane akitoka, desturi ni kuacha kitu cha shukrani: mkeka, kuku, mafuta ya mawese, kikapu cha mchele. Asiye na kitu haulizwi. Na mwenye nyumba, watu wakimwuliza, husema kwamba kila mgeni wake ametoa. Kusema fulani aliondoka mikono mitupu ni kumvua nguo sokoni.

Kwa desturi hiyo nzuri Waridi alijifunga kamba mwenyewe.

Mwaka mmoja Bwana Kipimo alikuja kukagua, akanywa maji aliyopewa, akaona kitenge kimeanikwa uani.

"Mama, ile chumba ya nyuma iko na mutu?"

"Iko na mutu." Alikuwa Faida, msichana wa Wamaza. Mumewe alikufa kwa homa, na wakwe walichukua mpaka sufuria.

"Mwaka jana ilikuwa na mutu?"

"Haikosi mutu, Bwana."

"Na wao wanatoa kitu?"

Waridi alijinyoosha. "Sasa Bwana, mutu akae kwangu asitoe kitu, alilelewa wapi? Wanatoa. Wanatoa vizuri."

Bwana Kipimo akaandika. Mikeka, kuku na mchele vikawa malipo ya chumba. Siku chache baadaye polisi alileta habari: Waridi aende ofisini aweke kidole kukubali kwamba chumba cha nyuma ni cha kupangisha, alipe kodi yake na ya miaka iliyopita yote. Akikataa, nyumba nzima itafungwa.

Mzigo huo haukubebeka. Kuulipa kila mwaka kulitaka wajane walipishwe, au chumba apewe muuza samaki. Kwa njia zote mbili chumba cha eda kilikufa.

Lukumani alifika jioni hiyo hiyo, uso umejaa huruma ya kununua sokoni.

"Shemeji, weka kidole tu. Au mupelekee karani wa kodi jogoo, mambo yatalala."

"Jogoo yangu inawika, shemeji. Ikifika kwa karani itasema imetoka kwa nani."

"Basi sema wale wanawake hawatoi kitu. Neno moja tu."

"Niwaite ombaomba mbele ya Mzungu? Wewe ungefurahi, najua. Ungepata kitu cha kucheka mpaka Idi."

Waridi alikwenda ofisini peke yake. Aliamini, kama wazee wetu wengi wanavyoamini, kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti ya kutosha unajitetea. Lakini kila neno alilosema lilizidi kumzamisha. Zawadi ni kubwa au ndogo? Kubwa, alijibu, maana nani husema zawadi ya mgeni wake ni ndogo? Wanazileta kwa hiari au ni lazima? Mwenye adabu, alijibu, adabu inamlazimu. Karani aliandika "lazima" na akatabasamu. Waridi alikataa kuweka kidole. Bwana Kipimo akamwambia kwamba kabla ya kuifunga nyumba atakuja kesho kutwa, apime chumba na amwone mpangaji kwa macho yake.

Uani Waridi alimkuta Faida amefunga furushi la nguo zake.

"Mama, acha niende. Mimi ndiye nimekuletea haya."

"Utakwenda wapi na eda haijaisha?"

"Hata porini."

"Porini kuna kodi pia, bado hawajafika tu. Fungua hizo nguo."

Ndipo akajifunga mtandio wake mzuri, akaenda kwa Hippolyte.

Hippolyte alikuwa Mkristo, Mzimba kwa kabila, aliyesoma kwa Mapadri na kufanya kazi ya hesabu za kodi miaka mingi katika kampuni za wafanyabiashara. Sasa alikuwa na meza yake mwenyewe karibu na soko, na kibao mlangoni. Watu walimsengenya kwamba anauza maneno. Waridi mwenyewe alikuwa amesema hivyo, tena kwa sauti.

"Umechelewa, Mama," Hippolyte alisema baada ya kumsikiliza.

"Nimechelewa wapi? Nyumba bado imesimama."

"Ulipaswa kuja kabla ya kufungua mdomo. Vyumba vya mbele hukunihitaji hata siku moja: mutu analipa, unalipa, basi. Lakini siku mutu wa kodi anauliza jambo ambalo jibu la heshima ni moja na jibu la sheria ni lingine, siku ile unamupa kiti, unanyamaza, unaniita."

"Mimi sitasema wajane wangu ni ombaomba."

"Sitakuomba useme. Nitakuomba usiseme kitu."

"Kwa hiyo nakulipa ili ninyamaze."

"Ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote, Mama. Kwa wewe ningetoza mara mbili."

Waridi alicheka, ingawa hakutaka.

Nasema wazi: kulikuwa na watu waliomlaumu. Walisema kumwendea mtu wa sheria ni kuikubali sheria ya Bula Matari. Upuuzi. Anayekupiga kwa fimbo hufurahi ukimpa mgongo, ila ukiishika ncha ya fimbo hushtuka. Sheria ile iliandikwa bila sisi. Ndiyo sababu zaidi ya kumtafuta anayeisoma, tuone aliyeiandika mwenyewe anaiheshimu kiasi gani.

Bwana Kipimo alifika na polisi wake. Hippolyte alikuwa ameshakaa barazani, tai shingoni. Walipita mpaka uani, Mzungu akavuta utepe, akaelekea kwenye pazia. Waridi alisimama mlangoni na kushika miimo kwa mikono miwili.

"Ondoka, Mama."

Waridi alimtazama Hippolyte. Alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza. Lakini mikono hakuiondoa. Polisi, ambaye mama yake mwenyewe aliwahi kukaa eda mtaa wa pili, alianza kuchunguza kucha zake.

"Bwana," Hippolyte alisema, "vyumba vya mbele ulivipima kwa nje, mwaka huu na mwaka jana. Hata hiki pima kwa nje. Mwanamke aliye ndani hatazamwi na mwanaume wa kando. Hata mimi sijamwona."

"Lazima nimuulize."

"Masikio hayakatazwi."

Mzungu alijifuta jasho shingoni. Kisha akaliambia pazia: "We mwanamke. Unamulipa Mama nini?"

Sauti ya Faida ilipotoka ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Nikitoka, nikiwa na kitu, nitamupa."

"Na ukikosa kitu?"

"Nitamuombea dua."

Hippolyte akaingia kati upesi, kama mtu aliyeona daraja. "Mpangaji asipolipa, Bwana, mwenye nyumba anaweza kufanya nini?"

"Anadai. Anamufukuza."

"Basi muulize Mama huyu: mwanamke akitoka na dua tu, atamudai nini?"

Mzungu akamgeukia. Hippolyte akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile Waridi akafungua kinywa.

"Nimudai nini tena? Nitaitikia amina. Wewe Bwana ungemudai amina mara ngapi?"

Polisi alikohoa sana. Hata Bwana Kipimo, mdomo wake ulisogea kidogo.

"Kisichoweza kudaiwa si pango," Hippolyte alisema. "Andika hivyo, tafadhali, na mimi nitaweka jina langu chini."

Mzungu akaandika. Lakini hakuondoka bila kuacha mwiba: chumba kile kikipokea mpangaji hata usiku mmoja, deni la miaka yote litarudi.

"Nimesikia," Waridi alisema.

Hippolyte alitaka kumpunguzia malipo yake. Waridi alikataa, akalipa yote, huku akimwambia kwamba maneno machache vile hayajawahi kuuzwa ghali namna ile tangu soko la Kasongo lianze.

Mwiba ule ulichoma kweli. Faida alimaliza eda, akarudi Wamaza kwa mjomba wake, na chumba kikabaki kitupu msimu mzima wa mvua. Paa la mbele lilivuja. Mfanyabiashara mmoja wa Nyangwe aliomba aweke humo magunia yake ya samaki wakavu kwa malipo yaliyotosha kuezeka upya; Waridi akakataa. Lukumani alisema shemeji yake ana kichwa cha jiwe: chumba hakina mtu, mvua inanyesha kitandani mwake, naye anakilinda kama kaburi.

"Kitapata mutu," Waridi alimjibu, akasogeza kitanda chake pembeni pasipovuja.

Mvua zilipokaribia kuisha, mwanamke mmoja alishuka kwenye lori la pamba kutoka upande wa Kabambare, mweupe wa vumbi la pamba, akauliza sokoni kwa Waridi binti Amuri ni wapi.