Bwana Mkubwa wa Ng'ambo ya Ruaha

Siku yangu ya kwanza kazini lori lilinishusha ng'ambo ya mto Ruaha nikiwa na blanketi, sufuria na maswali mengi. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu kule Mbeya, nikavuna mpunga Ubaruku, nikachuma chai Mufindi, na kila mahali nilipopazoea nilipachoka. Pale Ipogolo, mjini Iringa, nikamsikia dereva akisema kuna Wazungu wanaosafiri mbali kuja kuangalia wanyama bila kuwaua. Sikumwamini. Nikapanda ili nijionee.

Mkubwa wa hifadhi alikuwa Mzungu mrefu ambaye watu wote walimwita Bwana Nyama, kwa kuwa wanyama wa porini walikuwa chini yake. Aliyefuata alikuwa Mnyapara, yaani msimamizi wa vibarua, Mhehe wa makamo. Lakini kibarua nilikuwa mimi peke yangu. Bwana Nyama alikuja na wageni wakati wa kiangazi, akaondoka nao. Siku nyingine zote kambini tulibaki mimi na Mnyapara.

Alinifundisha kazi. Alfajiri tulikagua nyayo: zenye kingo kali ni za leo, zilizokatwa na njia za wadudu zimelala, ni za jana. Kiunoni alining'iniza kifuko cha majivu. Alikitikisa, majivu yakaonyesha upepo unakoelekea, nasi tukazunguka ili wanyama wasitunuse. Kisha akanifundisha majina. Porini tembo aliitwa mzee, nyoka aliitwa kamba, na simba aliitwa bwana mkubwa.

"Kwa nini tusiseme simba?" niliuliza.

Alinikodolea macho. "Nikikuita wewe, huji?"

"Nakuja."

"Basi. Au masikio yako yamejaa ndizi, Mnyakyusa wewe?"

Tulicheka. Utani wake ndio uliokuwa redio yangu. Jioni ziliponilemea, nilimwuliza habari za nyota, za mizizi, za ukoo wake, naye alinijibu hadi akachoka.

Kiangazi kimoja, mvua zikikaribia, Bwana Nyama alileta mgeni mmoja na mkewe. Mgeni yule alikijua Kiswahili vizuri, maana alikuwa amekaa Tanga. Bwana Nyama alikuwa amemwambia kwamba mkuu wa wilaya huenda akapita kumsalimu. Jioni, jua lingali juu ya miti, simba dume alikuja kulala karibu na mapipa ya maji. Mnyapara akaenda taratibu hadi mlangoni pa hema la mgeni, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana mkubwa amefika. Yuko nyuma ya hema."

"Ahsante sana," mgeni akajibu. Akafunga vifungo vya shati, akachana nywele, akatoka. Alizunguka hema akiwa ameshanyoosha mkono.

Mkewe ndiye aliyepiga kelele. Bwana Nyama akafyatua risasi hewani, simba akakimbilia vichakani, na mgeni akajikwaa kwenye kamba za hema akavunjika mkono ule ule alioutoa kwa salamu.

"Mgeni amekwenda kumpa simba mkono!" Bwana Nyama alifoka. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia bwana mkubwa amefika."

"Bwana mkubwa hapa ni mimi!"

"Wewe ni Bwana Nyama," Mnyapara akasema kwa adabu.

Nilijiuma ulimi nisicheke. Bwana Nyama hakucheka. Alisema kesho wageni wataondoka, na kabla hawajaondoka Mnyapara atasimama mbele yao na kutamka neno simba. Akishindwa, atapanda lori pamoja nao, wala asirudi.

Tulipokuwa tukiota moto nilimsihi. "Baba, ni neno moja. Liseme, halafu unisimange mwaka mzima."

"Mdogo wangu alilisema," alijibu. "Tulikuwa tunachunga. Alilisema kwa nguvu, anacheka, ananitisha mimi. Kesho yake tulizika nguo."

"Ukiondoka nitabaki na nani?"

Alichochea moto. "Wewe maswali hayakuishii. Utajiuliza, utajijibu."

Asubuhi alisimama mbele ya lori amevaa shati lake safi. Bwana Nyama alimngoja. Hata mgeni, mkono umefungwa kwa kitambaa, alimwambia, "Mzee, sema tu yaishe." Midomo ya Mnyapara ilifunguka. Kisha akainama, akachukua kirago chake, akapanda nyuma ya lori. "Kaa vizuri, mwanangu," aliniambia.

Mvua zikaja, mto ukafurika, na kivuko kilichoelea juu ya mapipa kikachukuliwa na maji. Hakuna gari lililoweza kuvuka. Nilikagua nyayo kila siku, zikiwemo zangu mwenyewe za jana. Mwanzoni nilijiuliza na kujijibu kama nilivyoambiwa. Baadaye niliacha, kwa sababu majibu yote nilikuwa nayajua.

Maji yalipopungua, lori la kwanza likavuka. Dereva akanisalimu. Nikafungua kinywa, sauti haikutoka.

"Vipi, umekuwa bubu?"

Nilimshika mkono, nikauvuta hadi sauti ikaja, nayo ilikuwa ya mkwaruzo. "Sema chochote," nikamwambia. "Bei ya sukari. Nani kaoa. Chochote." Nilirudi naye Iringa siku ile ile, hata mshahara sikuungoja. Mnyapara nilimwuliza vijijini na minadani, nisimpate.

Nilizunguka kazi nyingi, nikastaafia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wenzangu waliilalamikia kelele yake. Mimi sikuilalamikia kamwe. Sasa naishi Igowole. Juzi vijana wa hapa walirudi kutoka matembezi ya hifadhini, wakaja kunisimulia.

"Babu, kilichotufurahisha zaidi ni ukimya wa kule."

"Mlikuwa wangapi?"

"Basi zima!"

"Basi hamjausikia," nikawaambia, nikawavutia viti ili wasiondoke mapema.