Mpaka Alioupanda Bujiku

Isengwa ilikuwa nchi kamili, yenye mtemi wake, wanangwa wake tisa waliomsimamia vijiji, mahakama ya udongo na sanduku la hazina lenye kufuli mbili. Lakini mtu akitoka na ng'ombe asubuhi upande wa Didia, jua halijafika utosini ameshaimaliza yote, pamba zake, karanga zake na mbuga zake nyeusi, na sasa anakanyaga Bukamba kwa mtemi mwingine. Juu ya watemi hao wawili walikuwa Waingereza wa Boma la Shinyanga. Juu ya Boma, Gavana. Na Gavana naye, tuliambiwa, Tanganyika alikabidhiwa na baraza la mataifa huko Ulaya aitunze tu. Kila mtu alikuwa chini ya mtu. Aliyekuwa chini kabisa ni babu yangu Bujiku, mzaa mama, na habari zake nazisimulia kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu ukoo wa Maganga bado upo na ningependa wasikie.

Babu alikuwa na ng'ombe ishirini na mmoja na ngitili moja nzuri karibu na mpaka. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, mnyama asitie mdomo, ili kiangazi nyasi ziwepo. Mwaka 1926 kiangazi kilikuja kikali. Maganga, mwanangwa wa kijiji chetu, akaingiza makundi yake ndani ya ngitili ya babu na kumfungia nje mwenyewe. Babu akashtaki kwa mtemi.

Kumbe mwenzake alishajiandaa. Miaka miwili kabla, Maganga alikuwa amewaamuru watu kupanda minyaa, ile miti ya ua yenye utomvu mkali, kuzunguka nyasi zile, na babu, kwa ujinga wake mwema, akamshukuru kwa kumlindia malisho. Barazani Maganga alisimama akasema, "Minyaa ile nimeipanda mimi. Kwetu mnyaa ndio shahidi wa mpaka. Huyu ana shahidi gani?"

Mtemi, ambaye dada yake alikuwa mke wa Maganga, alikubali palepale, na karani wa mahakama akaandika kitabuni. Babu alipobisha alilazwa kifudifudi akachapwa viboko sita, na baba mkwe wake, aliyekuja kumpa nguvu, akawa amekaa mstari wa mbele. Mzee yule aliinuka akaenda zake bila kuaga. Hakukanyaga tena nyumbani kwa babu mpaka alipokufa. Mvua zilipoanza, ng'ombe kumi na saba walikuwa mifupa, wamebaki wanne.

Nasikia wapo watu wanaosamehe. Babu hakusamehe, na mimi simlaumu hata kidogo.

Mpaka wa kweli kati ya Isengwa na Bukamba ulikuwa korongo lililopita nyuma ya mji wa Maganga. Babu hakuligusa korongo. Alikata vijiti vya minyaa akaanza kuvipanda huku upande wetu, mstari mmoja ulionyooka kati ya mji wake na mji wa Maganga, hatua mia nne kutoka korongoni. Alipanda msimu huo, akapanda uliofuata, akapanda na wa tatu. Siku moja utomvu ulimrukia jicho la kushoto, na tangu hapo jicho lile likawa linaona ukungu tu. Akaendelea na la kulia.

Maganga alimkuta kazini akacheka. "Baba Apolonia, ua wote huu wa ng'ombe wanne?"

"Nimejifunza kwako, mwanangwa," babu akamjibu. Maganga aliona amesifiwa, akapita.

Mwaka 1929 Boma, kama ilivyokuwa ikivuma tangu mwaka wa kesi, lilitaka mipaka yote ya watemi iandikwe, ili kila mtemi ajue vichwa vyake vya kodi na asivuke kwenda kudai vya mwenzake. Amri ilisema mwanangwa lazima akae ndani ya nchi anayoiongoza. Ilisema pia makorongo yasitumiwe kuwa mipaka kwa kuwa yanahama mvua zikizidi. Iandikwe alama inayosimama. Akaja Bwana Muhidini, karani wa mjini Shinyanga, kanzu yake nyeupe imeshachafuka tope mpaka magotini, na mnyororo wa kupimia. Watemi wote wawili walikuwepo. Babu akawapeleka moja kwa moja kwenye mstari wake, minyaa imempita mtu urefu.

"Uongo mtupu!" Maganga akasema. "Hii kaipanda yeye, tena juzi."

Babu alimgeukia karani kwa upole. "Bwana, naomba kitabu cha mahakama kisomwe. Kesi ya mwaka 1926."

Kikaletwa, Muhidini akakisoma. Maneno ya Maganga yakatoka mdomoni mwake, neno kwa neno, na hukumu ya mtemi chini yake. Mtemi wa Isengwa alitazama viatu vyake. Kuikana minyaa ya babu kulikuwa ni kukiri mbele ya Boma kwamba alihukumu kwa upendeleo wa shemeji. Mtemi wa Bukamba, aliyekuwa anaongezewa walipa kodi bila jasho, alisema mpaka ni huohuo tangu enzi za baba yake. Muhidini akaandika. Jua lilipokuwa linatua Maganga hakuwa mwanangwa wa mtu yeyote. Alikuwa raia wa Bukamba anayedaiwa kodi kama wengine.

Kiangazi cha mwaka huo Maganga alikuja kwa babu. Alichutama uani akapiga makofi taratibu, kama raia afanyavyo mbele ya mwanangwa, yeye mtu mzima kuliko babu.

"Mwangaluka, Bujiku."

"Mwangaluka."

"Nenda Boma ukaseme kweli juu ya korongo. Nikirudi kwenye kiti changu, ngitili nakurudishia siku hiyohiyo. Naapa mbele ya mkeo."

Kwa maana ngitili nayo ilikuwa imebaki ng'ambo ya mstari, na mtemi wa Bukamba alikuwa amewagawia jamaa zake. Babu alilijua hilo tangu kijiti cha kwanza.

Bibi yangu Melania alimshika mkono. "Baba Apolonia, nyasi zimekwisha. Ng'ombe watakula nini? Na mtoto atakunywa nini?"

Babu alimtazama Maganga kwa jicho lake zima. "Korongo gani?" akauliza.

Maganga akaondoka. Walikula michembe mitupu mwaka ule, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mama yangu Apolonia anasema, na maziwa hakuyaonja tena utoto wake wote. Ng'ombe wa kwanza alianguka baada ya wiki mbili. Babu alimchuna mwenyewe, akaiwamba ngozi uani upande unaotazamana na mji wa Maganga, kisha akaingia ndani kumwambia bibi kwamba wamebaki watatu.