Mti wa Mama Mdogo

Kunigunda wa Namswea si mwanamke mbaya, tusimwonee. Zamu ya kufagia kanisa ikifika yeye ndiye wa kwanza, na mgeni hatoki kwake bila chai. Lakini mtajie mdogo wake Edina, anayeishi Kihagara kule ziwani, uone uso unavyokunjamana. Ugomvi wao wote umo kwenye neno moja: mdogo. Evarist, mtoto pekee wa Kunigunda, alipofaulu kwenda sekondari alipangiwa shule ya ziwani, akakaa kwa Edina miaka yote ya masomo. Alishuka akimwita "mama mdogo", kama inavyotakiwa. Akapanda kurudi Namswea mlimani akimwita "mama" tu. Lile "mdogo" lilipotelea hukohuko kwenye usipa, vile visamaki vya ziwani, na Kunigunda hajalisamehe mpaka leo.

Utasema ni neno tu. Haya, ngoja wachukue la kwako.

Msimu uliopita wa kahawa Edina alikuwa amepanda Namswea kumsaidia dada yake kuchuma, ndipo Evarist akatokea na mkoba wake kutoka Iringa, anakofanya kazi kwenye karakana ya mbao. Alibeba vyungu viwili bapa, na kila kimoja kilikuwa na mti mfupi kuliko mkono wa mtoto, shina limepinda kama la mti mzee.

"Hii ndiyo inaitwa bonsai," akasema. "Ni mti kamili, ila unafugwa usikue."

"Yaani umetuletea miti iliyodumaa," akasema Kunigunda. "Na zahanati kila siku wanatuhubiria udumavu."

Wote walicheka, hata yeye. Kisha Evarist akagawa. Wa Edina ulikuwa na majani mapana yanayong'aa na mizizi minene iliyojitokeza juu ya udongo. Wa Kunigunda ulikuwa na vijani vyembamba vinavyochoma, vile vya mti wa krismasi. Evarist akaanza kueleza, huu unataka hivi, ule unataka vile. Edina aliitikia, ehee, ehee. Kunigunda alisikia "maji", akasikia "baridi", mengine yote yakampita, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye chungu cha Edina. Kwa nini wa Edina una shina nene? Kwa nini wake yeye unachoma vidole? Mtoto uliyemzaa kwa uchungu anajua kuchagua, na amechagua hivyo.

Lakini Kunigunda si mtu wa kukaa na donge bure. Aliapa moyoni kwamba mti wake utaushinda ule, na Evarist akija tena ataona mwenyewe nani ni mama. Lile neno "baridi" alilishika vizuri. Baridi ya Namswea anaijua, inaunguza hata majani ya maharage, basi ni lazima mwanawe alikuwa anamwonya. Akauingiza mti sebuleni, akauweka juu ya kabati mbali na dirisha, kati ya redio na sanamu ya Bikira Maria, chini yake akatandika kitambaa cheupe alichoshona mwenyewe kwa uzi. Akautunza kama miche ya kahawa kitaluni: kivuli, na kikombe cha maji kila asubuhi. Hakuna aliyeingia nyumba ile asionyeshwe.

Baada ya muda Edina akapiga simu, sauti chini. "Dada, mti wangu unapukutika. Nadhani unakufa."

Kunigunda alisikia raha ambayo hakuipeleka kwa padri. "Pole, mdogo wangu," akasema, na hapo kwenye "mdogo" alikanyaga kwa nguvu. "Mbona wangu hata jani moja halijadondoka?"

Na kweli halikuwa limedondoka. Mti ulisimama kijani juu ya kabati kama siku ulipokuja. Basi ilipofika komunyo ya kwanza ya Glorious, kitinda mimba wa Edina, na Evarist akasema atakuja, Kunigunda hakufikiria mara mbili. Aliupakata ule mti kutoka Namswea hadi Kihagara, kitambaa na chote, na zawadi ya mtoto karibu aisahau nyumbani.

Alipoingia kwa Edina alitafuta kile chungu kwa macho kabla hata ya kusalimia. Kilikuwa dirishani, upande wa ziwa, jua linakipiga. Na mti, jamani, ulikuwa umejaa majani mapya mpaka umekatwa vichwa usizidi.

"Si ulisema unakufa?"

"Kumbe ulikuwa unaizoea nyumba tu," alisema Edina. "Nilivunja jani nikaona maziwa, nikasema aa, kumbe ni ukoo wa mkuyu, na mikuyu si ndiyo imejaa huku kwenye mawe? Unataka mwanga. Nikausogeza dirishani. Maji nampa nikitia kidole nikakuta udongo umekauka, namwaga mpaka yatoke chini, basi. Evarist ndiye ananielekeza kwenye simu."

Alisema "nampa", kama anasema habari za mtoto. Na Evarist anapiga simu. Wivu ulimpanda Kunigunda hadi masikioni. "Huu una ugonjwa," akasema, na kabla Edina hajajibu alikuwa ameshakwangua gome kwa ukucha, vile wanavyokwangua mkahawa kujua kama u hai. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, na maziwa yakamganda kidoleni.

"Mzima," alisema Edina kwa upole. "Na wako?"

Angeweza kukataa. Lakini aliona majani ya mti wake yalivyo kijani, akautua mezani juu ya kitambaa chake, akakwangua kwa kujiamini kabisa. Chini ya gome palikuwa kahawia, pakavu kama kuni. Akakwangua pengine. Kuni. Wote wawili wamezaliwa kwenye kahawa, hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake. Mti ulikuwa umekufa siku nyingi, huenda hata siku ile aliyosema pole kwenye simu, na rangi yake ilikuwa imebaki tu.

Bodaboda ikasimama nje, wakasikia sauti ya Evarist akimlipa dereva. Edina alikishika chungu cha dada yake, akakizungusha taratibu mpaka mikwaruzo ikaelekea ukutani, akakinyoosha na kitambaa. "Hataona, dada," akanong'ona. "Siri haitoki hapa."

Evarist akaingia na vumbi lake. "Shikamoo mama," kwa Kunigunda. "Shikamoo mama," kwa Edina. Halafu akauona mti mezani, uso ukafunguka. "Mama, umeutunza. Angalia ulivyo kijani."

Kunigunda alingoja furaha ije, haikuja. Alichoona ni maisha yake yote yaliyobaki, Edina akijua na kunyamaza, Edina mwenye mti mzima, mwenye kuitwa mama, na sasa mwenye huruma pia. Hilo la mwisho hakuliweza. Akanyoosha mkono, akakirudisha chungu kilivyokuwa, mikwaruzo ikamtazama mwanawe usoni.

"Umekufa," alisema. "Nimeuua mimi."

Evarist aliinama, akapitisha kidole kwenye lile gome. Hakukasirika. "Huu ni mti wa baridi, mama. Ndiyo maana nilikuchagulia wewe, nikasema utapata ukungu wa kwetu. Nilikuambia ukae nje. Hukunisikia, ulikuwa unaangalia mti wa mama."

"Wa mama mdogo," akasema Kunigunda.