Yowe la Mukai

Mukai Ndululu alifukuzwa kwaya mara mbili. Mara ya kwanza aliimba sauti ya wanaume akawafunika wote. Mara ya pili mwalimu wa kwaya, bwana mpole aitwaye Simeon, alimwita kando akamwambia, "Dada, Mungu si kiziwi."

"Lakini huenda yuko mbali," Mukai akajibu. Akavua joho, akalikunja vizuri, akaenda zake.

Huo ulikuwa mwaka wa 2007. Mukai alikuwa msusi pale Kawangware 56, jijini Nairobi, binti wa kutoka Machakos mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kibanda kilichopakana na saluni kilikuwa cha Khaemba, fundi wa redio. Redio yake mwenyewe ilikuwa imevunjika kitufe, ikakwama kwenye stesheni moja iliyopenda kupiga muziki wa roki. Angeweza kuitengeneza akitaka. Hakutaka.

"Huyu anayelia hivi amefiwa na nani?" mama mmoja aliuliza, kichwa kikiwa nusu kimesukwa.

"Hajafiwa, mathe. Anaimba," Mukai alisema, kisha akampigia Khaemba kelele aongeze sauti.

Siku moja akaja kijana wa Kibera, Oloo, muuza viatu vya mitumba Soko la Toi, amebeba amplifaya inayotoa moshi na gita mgongoni. Khaemba alipomaliza kuitengeneza, Oloo alichomeka gita ajaribu. Khaemba akachukua bisibisi mbili akaanza kugonga mitungi ya maji. Mukai alivumilia kidogo tu, halafu akamwacha mteja na kitana kimechomekwa kichwani, akaenda kuimba. Besi hawakuwa nayo, na hakuna aliyeiulizia. Amplifaya ile iliendelea kupiga watu shoti, kwa hivyo wakajiita Waya Wazi.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya matokeo jiji likaharibika. Soko la Toi liliungua, na viatu vya Oloo vikawa majivu. Mukai alimpigia simu.

"Nimebaki na gita, amplifaya na suruali moja," Oloo alisema.

"Si ukuje huku kwetu."

"Na hili jina langu?"

Siku hizo jina la mtu lilitosha kumfanya apigwe, likiwa la upande usiotakikana mtaani. "Basi nakuja kukuchukua," Mukai akasema.

Kulipotulia kidogo alikwenda, na wakarudi kwa miguu wakipokezana amplifaya. Walikuwa wanakaribia Kawangware walipokuta mawe yamepangwa barabarani na vijana wameshika rungu. Kiongozi wao alinyoosha mkono.

"Vitambulisho."

Oloo aliweka amplifaya chini. Mukai naye alikuwa anaangalia kichwa cha yule kijana. Alikuwa na dredi, nyingine nene, nyingine nyembamba, mbili zimeshikana kama mapacha.

"Nani alikusokota hizi?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Huyo mtu anafaa kushtakiwa."

Kijana mmoja nyuma alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi. Kiongozi akajishika kichwa. "Ni sista yangu."

"Basi mlikosana na hakukuambia. Keti hapo."

Hakuna aliyejua kwa nini aliketi, pengine hata yeye mwenyewe. Alikaa juu ya jiwe, rungu kati ya magoti, na Mukai akaanza kumsokota upya. "Na wewe usisimame hivyo," akamwambia Oloo. "Pigia watu gita."

Gita bila stima lilitoa sauti ya mbu, lakini vijana wakasogea kusikiliza. Mmoja akakumbuka kazi yake. "Lakini nyinyi ni wa wapi?"

Mukai hakuinua macho. Akaimba, "Wa wapi, wa wapi? Sisi ni wa foleni ya maji."

Vijana walitazamana. Foleni ya maji waliijua. Alipouliza tena "Wa wapi?" wawili walimjibu, na mara ya tatu wakamjibu wote. Dredi ya mwisho ilipokwisha, habari ya vitambulisho ilikuwa imepotea, na kiongozi mwenyewe aliwabebea amplifaya mpaka kona ya mbele, akitembea wima asiharibu kichwa.

Mukai alifika saluni akaketi chini ya draya, akalia mpaka Oloo akaenda kumtafutia chai.

Amani ilipoanza kurudi, walirekodi ule wimbo wa barabarani chumbani kwa Khaemba, Riruta Satellite, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Ulikwenda vizuri hadi mwisho, ambapo midomo ya Mukai iligusa maikrofoni na stima ikamrusha. Alipiga yowe ambalo lilimleta mama mwenye nyumba, Wakarima, na mwiko wa ugali mkononi, aone nani anauawa.

"Tufute hapo," Oloo alisema.

"Sifuti," Khaemba akasema. "Hapo ndipo wimbo uko."

Walipeleka CD kwenye stesheni moja ya FM. Mtangazaji aliucheza jioni, watu wakapiga simu, akaurudia. Baada ya wiki chache "Wa Wapi" ulisikika kwa vinyozi, kwa wauza mitumba, hata kwa watoto waliopanga foleni ya maji. Gazeti moja liliandika kwamba yowe la mwisho lilibeba uchungu wa taifa zima. Mukai aliwasomea wateja wake saluni.

"Si uongo," alisema. "Uchungu nilikuwa nao."

Mwezi wa Agosti Waya Wazi walijaza ukumbi mjini kwa mara ya kwanza. Mama yake Mukai, Kaveke, alikuja kutoka Machakos amevaa kama anayekwenda harusi, akaketi mbele, mkoba mapajani, vijana wakirukaruka kila upande wake. Wimbo ulipokwisha Mukai alishuka jukwaani, jasho likimtiririka, akachutama mbele yake.

"Mama, umeonaje?"

Kaveke alimtazama Khaemba, aliyekuwa bado ameketi nyuma ya ngoma jukwaani. "Yule wa ngoma ana hasira," akasema. "Ameoa?"