Pumzi Yangu Ilikuwa Imerudi

Bandugu, mi nilikosa. Sitaki kuzunguka-zunguka. Nilidanganya bantu na pumzi yangu. Si na maneno, hapana! Na pumzi. Nilijifanya siwezi kupema, kupumua, na mwanamuke mwenye alinifundisha kupema akabebwa mbele ya macho yangu.

Musiulize jina. Mi ni mama wa Kolwezi, baba na mama bote ni ba Katanga, na bwana yangu alitumikaka ku atelye, karakana ya kampani ya mine, ya machimbo. Leo niko na bajukuu. Hii neno sijaambia mutu, ata padiri. Leo naiandikia gazeti bila jina, sijue ni uzee ao ni woga. Ni woga!

Acha nieleze vile ilianza.

Kisha kuzaa mutoto yangu wa mwisho nilinenepa sana. Kupanda paka ile ngazi tu ya dispensere, pumzi kwisha! Kifua inafunga, masikio inalia, macho inaona giza. Mama yangu mwenyewe alikufaka vile. Alikaa chini kupumuzika na beseni yake ya mihogo, hakusimama tena. Sasa kila mara pumzi yangu ilipanda, nilijisemea: njo ile, imekuja kunitafuta na mi.

Infirmye, muuguzi wa pale, akanipima tansiyo, ile nguvu ya damu, akatikisa kichwa. "Mama, utembee. Kisha ukimbie kidogo-kidogo. Kama hapana, hii moyo itakuangusha."

Kukimbia! Mi, mama muzima, na hii matako!

Njo yaya Ngalula, dada mukubwa kwangu, akaniokoa. Alikuwa jirani yetu, mulango kwa mulango, mama wa Kasai. Nkambo yake, babu, aliletwaka kutumika mu mine wakati ya ukoloni ya Babeleji. Yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, Kasai aliisikiaka paka mu midomo ya bantu. Alichezaka mupira ya baske ku masomo ya masere, bale bamasista, alikuwa na miguu murefu na kicheko ya kusikia mupaka barabara ya pili. Akanikuta nalia ku mulango.

"We mama, tansiyo njo inakuliza? Kesho asubui tunatoka. Vaa bilato, biatu bya kukimbia."

"Yaya, nitakufa ku njia!"

"Ukikufa nitakubeba. Lakini uko muzito, basi heri usikufe."

Ile siku ya kwanza nilikimbia sawa mwizi. Mupaka ku pompi ya maji, kisha magoti chini! Nilikuwa nameza hewa, navuta, navuta, haiingie. Nikajua ni kifo. Yaya akaniinua, akaweka kiganja ku mugongo yangu.

"Usikae. Tembea pole. Unavuta tu, hautoshe inje! Ile ya zamani itoke kwanza. Puliza sawa unapoza bukari ya moto ku sahani."

Nikapuliza. Nikapuliza tena. Ikashuka, ikarudi. Nikalia juu ya furaha, pale ku pompi, mbele ya bantu na mabidong yabo ya maji.

Kesho yake hatukukimbia, tulitembea tu. Kisha kutembea sana, kukimbia kidogo. Sheria yake ilikuwa moja: tupige masolo, kuongea-ongea, ku njia yote. Kama siwezi kumujibu, tunapunguza. Kama naweza kusengenya, tunaongeza. Na mi kusengenya najua! Batoto ba kartie, ba mutaa yetu, balituchekaka: "Bamama, mwizi iko wapi?" Yaya anabajibu: "Njo huyu namufukuza, aliiba mafuta yote ya ku soko!"

Aliniambiaka: "Si moyo yako inakukaba, ni woga. Pumzi ikipanda unafikiri ni kifo, unaikimbiza, inapanda zaidi. Iache ipande. Itashuka." Na kila mara tukisimama, kile kiganja ku mugongo. Anangoja, kisha anasema, "Bon, imerudi." Na kweli ilikuwa imerudi. Alijua pumzi yangu kupita mi mwenyewe.

Bon. Ile miaka kampani ikaanza kuanguka. Mine kubwa ikaporomoka, mushahara ikachelewa, kisha ikapotea kabisa. Na bantu bakiwa na njaa banatafuta mutu wa kukamata. Ku mikutano, ku radio, ku soko, neno ikawa moja: Bakasai njo banakula kazi yetu, barudi kwao. Kwao wapi? Bantu bazaliwa hapa! Bilulu, njo jina balibapatia. Bilulu, sawa bidudu bya mu sombe, mu majani ya mihogo. Bijana bakashika mafimbo na mapanga, manyumba ikawaka moto, majirani bakakimbilia ku gare, kituo ya treni, na ku manyumba ya masomo, kungoja treni yenye haikuye.

Bwana ya yaya Ngalula alipata nafasi mu kamyo, lori ya ndugu yake moja, ya kutoka siku ya posho, Jumamosi. Yeye, muke, batoto na bitu kidogo. Balikuwa banafunga mulango na kungoja. Yaya akaniambia ku dirisha: "Mama, spor yetu ya kukimbia imekwisha. Tembea weye peke."

Nilijaribu. Mungu ni shahidi, nilijaribu! Nikafika ku pompi, pumzi ikapanda, hakuna mutu, hakuna kiganja. Nikarudi nyumbani naburuta miguu, nashika ukuta. Ile woga yote ya zamani ikarudi, mama yangu na beseni yake.

Hapa njo kosa yangu ya kwanza. Nilienda kumulomba, kumubembeleza.

"Paka leo, yaya. Mara ya mwisho. Bijana banalala bado, balikunywa. Na ukiwa na mi, nani atakugusa? Nitasema uko dada yangu, tumbo moja!"

Bwana yake akakataa. "Mama, hii haiko siku ya spor."

"Tata, mi niko!" Nilisema vile, na kifua mbele.

Yaya alinitazama. Nafikiri na yeye alichoka kukaa mu giza na mapazia, ao hakujua kuninyima kitu. Akavaa bilato. "Mupaka ku pompi, tunarudi."

Njia ilikuwa kimya. Baridi muzuri. Tulifika ku pompi na nilikuwa nasikia muzuri kabisa, miguu nyepesi. Nikasema tuongeze kidogo, mupaka ku kona ya njia ya Musonoi. Akasema hapana. Nikasema kidogo tu, yaya, paka kidogo. Nani alinituma? Nani?

Ku kona, muti ulilala katikati ya njia, na tairi inawaka. Bijana.

Tukageuka, tukakimbia. Ile siku sikusengenya mutu! Balitufikia mbio, bakatuzunguka. Nikainama, mikono ku magoti, kifua moto, sioni kitu. Ile ilikuwa kweli, bandugu, naapa. Hapo pumzi ilinikosa kweli.

Yaya akaweka kiganja ku mugongo yangu. Ni desturi tu, hakufikiri.

Mukubwa yabo nilimujua. Kijana wa parokia yetu, alikulaka ku nyumba yangu. Akanisalimia na heshima.

"Jambo, mama. Weye tunakujua, muke ya tata wa ku atelye. Huyu ni nani?"

Yaya akanigeukia. Swahili alisema sawa shiye bote, lakini akishikwa na woga, Tshiluba, luga ya bazazi bake, ilitoka mu mudomo yake bila kulomba ruhusa. Alikuwa anangoja mi nijibu. Tuliachana na bwana yake na ile jibu mu mudomo yangu, tayari. Dada yangu, tumbo moja.

"Jibu, mama!" mwingine akapiga kelele.

Ule mukubwa akamukatisha. "Acha kwanza, mama apeme."

Balinigojea! Yesu wangu! Bantu na mapanga mu mikono, bakasimama kimya kungoja mama apate pumzi.

Na ikarudi. Musikie muzuri. Ikarudi! Niliisikia inashuka pole-pole, sawa vile nilifundishwa. Ningeweza kusema. Ningeweza ata kuimba. Lakini niliona panga moja karibu na muguu yangu, nikafikiri mutoto yangu wa mwisho, nikafikiri: na kama moja yabo anajua ile nyumba ya yaya? Na kama banasema mi njo nabaficha bilulu? 

Basi nikaendelea. Hii! Hii! Hii! Mudomo wazi, mabega inapanda, macho chini. Nikajifanya nakufa.

Kiganja kilikuwa bado ku mugongo yangu. Hakuna mutu mwenye alijua ule mugongo kupita yeye. Kikabakia pale kidogo. Kisha nikasikia kimetoka.

"Huyu mama iko mugonjwa wa pumzi," yaya akabaambia. "Musimusumbue. Mi niko jirani tu."

Bakasikia Tshiluba imeingia mu sauti yake. Bakachekelea. "Aa! Kilulu huyu!" Bakamushika mikono, bakamupeleka ku gare vile vile alivyokuwa, bilato na kikwembe ya kiunoni tu. Hakupiga kelele. Hakuniita. Mi hakuna mutu alinigusa. Moja yabo akaniletea maji mu kopo. "Kunywa, mama." Na nikakunywa!

Kurudi nyumbani sikukimbia. Nilitembea pole, juu kama nilikosa pumzi, nitakimbia namna gani? Nilikuwa nalinda uongo yangu ata mbele ya majani. Nikafika jua limepanda. Nikamuambia bwana yake: "Tata, nilikosa pumzi." Akashika kichwa na mikono mbili.

Kamyo ikatoka bila bo. Angeacha muke? Alibeba batoto na matela ya kulalia, akamufwata ku gare.

Nilienda kule mara moja tu. Nilibeba bukari na sombe. Bantu balilala chini sawa mizigo, mabashi ya kujifunika, moshi, harufu, mvua inanyesha juu ya bote. Yaya alikaa ku matela na kitinda mimba yake, Mbombo, ku magoti. Mutoto alikuwa moto. Anapema mbio-mbio, mbavu inaingia na kutoka. Nikashindwa kumutazama.

Bwana yake akasimama, akabaambia bantu ba pembeni: "Huyu mama ni mutu muzuri. Ile siku alikosa paka pumzi, maskini. Ona, amekuja ata hapa. Aksanti sana, mama." Na bo bakanishukuru. Bantu bafukuzwa bananishukuru mi!

Nikajibu: "Hakuna neno, tata."

Hakuna neno! Mi njo nilisema vile!

Yaya akapokea chungu, akabapatia batoto na majirani. Kisha akanitazama. Hakukasirika. Ningependa angekasirika, angenipiga kofi, angenitemea mate. Akauliza pole, mi peke nisikie:

"Na sasa, unapema muzuri?"

"Ndiyo, yaya."

"Bon," akasema. Akageukia mutoto yake.

Treni ilikuja kisha siku mingi. Musafiri moja wa reli njo alituletea habari kisha: Mbombo hakufika. Balimuzika ku pembeni ya reli, mbele ya kufika Kamina, treni ilisimama kidogo tu. Batoto ba bengine, benye balipanda ile kamyo, balifika bote.

Tangu hapo sikukimbia tena. Naogopa kupema na nguvu mbele ya bantu, juu nasikia ile sauti yangu ya uongo, hii, hii, hii. Sijue tena nikiishiwa pumzi kama ni kweli ao ni mi najidanganya. Tansiyo inanikula. Ku ngazi ya kanisa bajukuu bananishika mikono. Na bwana yangu, kila matanga, anaelezaka vile muke yake alikimbia na jirani yake mupaka pumzi ikamwisha. Bantu bananisikitikia. Mi nakaa pale, napokea.

Basi sikilizeni. Weye mwenye unaanza spor na pumzi inakukosa, usijitese sawa mi. Anza na kutembea. Piga masolo na mwenzako, ukishindwa kusema, punguza. Usikae chini, puliza, itashuka. Kama kifua inauma, ona dokta. Lakini usivute mutu ku hatari juu ya woga yako, ata kama yeye njo dawa yako. Na usimuahidi mutu mudomo yako kama haujapima woga yako.

Leo ku soko nasikia tena ile neno, barudi kwao. Naisikia ata ku meza ya batoto yangu, na sahani ya bukari katikati. Mara ya kwanza nilinyamaza. Juzi nilibaambia: mutoto moja wa mulango ya pili amelala ku pembeni ya reli, na mi njo nilimutuma kule. Bakafikiri ni uzee.

Bwana yangu anasomaka gazeti na sauti ku mulango. Atasoma na hii. Atafika ku pompi, atafika ku kona ya Musonoi, atajua ni mi. Basi ajue!

Na mweye musingoje kuzeeka. Siku bakikuuliza, "Huyu ni nani?", jibu. Usifikiri hautapata nafasi. Mi balinipatia nafasi yote, balisimama kunigojea na heshima, na bakaniletea ata maji.