Mke Wangu na Korongo la Shimo la Tisa

Mtu akikuambia gofu ni mchezo wa matajiri, mwonyeshe mimi. Nauza mbolea na mbegu Iringa mjini, nina kipara na jozi moja ya viatu vya gofu, na kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Gofu yenyewe ilinikuta kazini. Nilipeleka mbolea kwenye mashamba ya chai kule Mufindi, nikakuta wazee wanapiga mpira ndani ya ukungu. Mmoja akanipa fimbo: "Jaribu, bwana mbolea." Nikajaribu. Ule mpira haujaonekana mpaka leo. Nadhani umeshapita Rujewa, sasa hivi uko Tunduma unagongewa pasipoti.

Basi nikajiunga. Kwa mipira mirefu nilikuwa tishio la mkoa mzima. Shida ilianza nikikaribia. Ukibakiza mita thelathini, arobaini hivi, kufika grini, yaani pale penye majani yaliyonyolewa na shimo lenye bendera, nguvu hazina kazi tena. Unachukua weji, ile fimbo fupi yenye uso uliolala kama koleo, unaunyanyua mpira kwa adabu, unapanda, unashuka, unatulia. Wenyewe wanaita pichi.

Pichi yangu mimi ilikuwa kilimo. Mimi mtoto wa Kilolo, nilishika jembe kabla sijashika kijiko. Nikipewa kitu chenye mpini, mikono inapanda juu ya kichwa yenyewe na kushuka kwa hasira. Weji inazama ardhini, bonge la udongo linaruka mbele, mpira unabaki pale pale unanitazama. Mashimo niliyoyachimba kwenye kiwanja kile ungepanda migomba, na ingezaa. Pale shimo la tisa ndipo palikuwa balaa, maana mbele ya grini kuna korongo. Siku ukame ukilikausha lile korongo, mipira yangu itaonekana kutoka angani.

Kila mwaka tunacheza na wenzetu wa Mbeya. Wanachaguliwa wanane. Wasiochaguliwa wanaunda kamati ya nyama. Nilikuwa kwenye kamati ya nyama miaka mitatu mfululizo, na sijisifu, lakini watu wa Mbeya walikuwa wakishuka kwenye gari wananiulizia mimi kabla ya kuuliza choo kiko wapi.

Ningeishi hivyo kwa amani kama si mdomo wangu. Siku moja naongea kwa simu na mkwe wangu, baba mzazi wa mke wangu, mzee wa kanisa kule Mbeya, mtu wa maneno machache na suti nzito. Akaniuliza, "Na huo mchezo wenu, wewe unafanya nini hasa?" Nikasikia mdomo unajibu wenyewe: "Mimi ni mchezaji tegemeo, baba."

Akasema, "Vizuri. Mwaka huu nitapanda gari moja na hao wa Mbeya, nije nione."

Sikulala. Nilijiona nimeinama kwenye mkaa, aproni imejaa mafuta, napepea kwa kipande cha boksi, na mkwe amesimama nyuma yangu akimtafuta mchezaji tegemeo.

Nilimwendea nahodha wetu, afisa misitu mstaafu mwenye dharau ya kirafiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa chini.

"Imebaki nafasi moja," akasema. "Jumapili ijayo, baada ya ibada, uje shimo la tisa. Nakupa mipira mitatu, upande huu wa korongo. Miwili ikilala grini, unacheza. Isipolala, mkaa unajua unapokaa."

Wiki ile nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba hadi kuku wakanizoea. Kila nikipiga wanakuja kula minyoo niliyoifukua. Siku ya tatu jirani akachungulia juu ya ua: "Jirani, hongera. Choo kipya?"

Jumamosi tukawa na msaragambo kanisani, kazi ya pamoja ya kufyeka majani kabla ya sikukuu ya mavuno. Nikapewa fyekeo. Nikalinyanyua juu, nikashusha. Likakwama ardhini. Nikalichomoa, nikashusha tena. Akina mama wakaacha kazi kunitazama.

"Baba watoto," mke wangu akaita, ili na wa Ilula wasikie, "unafyeka au unaua nyoka?"

"Majani yenyewe magumu."

"Magumu! Lete hapa." Akaninyang'anya. "Tazama. Mikono usiinue kama unapasua kuni. Uzito weka mguu wa mbele. Zungusha kiuno, mikono inafuata tu. Chuma kipite chini ya majani, kitokee upande wa pili. Na usikatishe njiani kama unaogopa. Ukiogopa, kinazama."

Fyekeo likapita swaaa. Majani yakalala yote upande mmoja kama yameambiwa. Ardhi haikupata hata mkwaruzo.

"Umejifunza wapi wewe?"

"Bwenini. Nilikuwa naongea darasani."

"Ukafyeka siku ngapi?"

"Miaka minne."

Nikaanza kujihesabia adhabu zangu. Shule ya msingi adhabu yetu ilikuwa kulima shamba la shule, jembe tena. Na kwenye masomo ya jioni nani angetuadhibu? Mwalimu alikuwa kijana, akiingia darasani anaanza kwa kutupa shikamoo sisi wanafunzi. Huwezi kumwamkia mtu shikamoo halafu ukamtuma kufyeka. Kumbe wenzangu wote klabuni, nahodha, daktari wa mifugo, mhasibu, yule muuguzi ambaye pichi yake inatua kama kipepeo, wote walipita bwenini, na wote walikuwa wahalifu! Elimu nilipata, cheti ninacho ukutani, ila ile adhabu ndiyo iliyonipita.

Tulipofika nyumbani nilikimbilia weji hata chai sijanywa. Uzito mbele. Kiuno. Kitako cha weji kikateleza chini ya mpira, kikanyoa majani tu, na mpira ukapanda juu taratibu kama moshi wa jikoni. Nusura nilie. Mke wangu akakaa kwenye ndoo, kanga begani, akawa kocha.

"Mikono ikiishia kiunoni, mpira unatua kwenye banda la kuku," akasema. "Sasa ipandishe mpaka kifuani."

Nikapandisha mpaka kifuani. Mpira ukatua kwa jirani.

"Umeona? Umbali unapima kwa mkono, si kwa hasira. Tena. Na hicho kiuno, kwani umekiazima?"

Jumapili ukungu ulikuwa mzito. Nahodha alitusubiri mimi na mke wangu pale shimo la tisa, akatoa mipira mitatu mfukoni.

Mpira wa kwanza, woga ukanishika, mikono ikapanda juu ya kichwa. Bonge la udongo likavuka korongo vizuri sana. Mpira ukatumbukia.

"Kamwene, mkulima," nahodha akanisalimia Kihehe.

Wa pili, nikafumba jicho moja nikawaza yale majani ya kanisani. Swaaa. Ukapanda, ukashuka katikati ya grini, ukajikunja kama paka. Nahodha akakohoa.

Wa tatu, ukungu ukaifunika bendera. Nikapiga kwa kukumbuka. Tukasikiliza. Hakuna sauti. Tukazunguka korongo kwenda kuutafuta.

Mpira ulikuwa pembeni kabisa, pale majani mafupi yanapokutana na marefu. Nahodha akapiga magoti. Akainamisha shavu mpaka chini. Akafunga jicho, akafungua lingine, kama anapima mpaka wa wilaya.

"Haujalala grini huu. Umeegemea tu."

"Umelala," akasema mke wangu. "Tena unakoroma."

Nahodha akamtazama. Akanitazama mimi. Akainuka akijipangusa magoti. "Haya. Umelala. Ila nyama sasa atachoma nani?"

Siku ya mashindano mkwe alifika na suti yake, akapewa kiti shimo la tisa. Nilipofika hapo mpinzani wangu alikuwa ameshanimaliza zamani, lakini mkwe hajui kuhesabu gofu. Nikapiga pichi mbele yake. Mpira ukavuka korongo, ukatua hatua moja kutoka shimoni, watu wakapiga makofi.

Nikamwendea, nikainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe kweli unacheza."

"Ndiyo, baba."

Akautazama mpira. Akalitazama korongo. Akaitazama njia ya miguu inayolizunguka.

"Lakini mwanangu, njia si hii hapa? Si ungeubeba tu?"

Mtu habishani na mkwe. "Kweli kabisa, baba," nikamwambia, nikaenda kuumalizia mpira wangu.